Intanshipu ya Nje Inaomba Pasipoti, Sisi Tuko na Nini?

Vijana wenzangu wa Nakivale, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma,

Kila wiki kwenye simu zetu inaingia linki mpya. "Intanshipu yenye malipo Ulaya, wanafunzi wa kimataifa wanakaribishwa." Mtu mmoja anaituma kwenye grupu ya vijana, mwingine anaipeleka kwenye grupu ya kwaya, jioni imeshafika Juru na Rubondo, na kesho yake Base Camp watu wamepanga foleni kwa yule mwenye kompyuta awachapie CV. Wakongomani tunaita staji, wengine intanshipu, ni kitu kilekile. Mimi sipingi linki, tena naomba ziendelee kuja. Ninachosema ni kwamba tunaanzia mwisho. Tunahangaika na picha yenye tai na barua ya Kiingereza kizuri, wakati swali la kwanza kwa mtu kama sisi ni lingine kabisa: unasafiri na karatasi gani?

Fungua fomu yoyote uone. Uraia. Nchi unayoishi. Namba ya pasipoti. Hapo ndipo kijana wa Nakivale anasimama. Uraia ni Kongo, au Burundi, au Somalia. Nchi anayoishi ni Uganda. Pasipoti hana. Ana atestesheni ya familia yenye picha ya mama na wadogo zake, na kitambulisho cha mkimbizi. Nimeona watu wanatatua hiyo shida kwa kuandika "Mganda" ili fomu iende mbele. Ndugu zangu, usifanye hivyo. Fomu itaenda, ndiyo, lakini siku utakapofika mbele ya afisa wa viza karatasi zako zitasema kitu kingine, na kusema uongo kwenye ombi la viza kunaweza kukufungia mlango wa nchi ile kwa miaka. Na wengine wanawaza njia ya pili: kwenda ubalozi wa nchi yao Kampala kuomba pasipoti ya nyumbani. Hii nayo ina hatari yake. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unasema wazi kwamba mtu aliyejirudisha kwa hiari yake chini ya ulinzi wa nchi aliyoikimbia anaweza kupoteza hadhi ya ukimbizi. Pasipoti ya kitaifa ni alama moja ya ulinzi huo. Kabla hujapanda basi la Kampala, kaa na mtu wa ulinzi au mwanasheria akueleze.

Karatasi yetu ipo, na ina jina: hati ya kusafiria ya Mkataba, wengi tunaijua kwa herufi tatu tu, CTD. Inatoka kwenye kifungu cha 28 cha mkataba huohuo wa 1951, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 nayo inaitambua kama haki ya mkimbizi anayekaa hapa kihalali. Ombi linapitia OPM, halafu Uhamiaji. Siyo fadhila, siyo zawadi ya mtu. Lakini haina haraka. Wale ninaowajua walioipata walisubiri miezi, na intanshipu nyingi zinatangazwa leo, mwisho wa kuomba ni baada ya wiki tatu au nne. Hesabu yenyewe inakataa. Na kuna mzunguko mwingine unaochosha: ukitaka hati unaulizwa safari yenyewe iko wapi, ukitafuta safari unaulizwa hati iko wapi.

Kuna jambo moja kuhusu CTD ambalo nataka kila mtu alishike, maana sijawahi kusikia likisemwa kwenye semina hata moja. Afisa wa viza hamwogopi mkimbizi kwa sababu hajui kazi. Anaogopa kwamba viza ikiisha hatakuwa na pa kumrudisha. Sasa, mkataba wa 1951 una nyongeza mwishoni, na aya ya 13 ya nyongeza hiyo inasema nchi iliyotoa hati inalazimika kumpokea tena mwenye hati wakati wowote hati ikiwa bado hai. Maana yake Uganda imeshaahidi kutupokea. Basi ukiandika barua yako ya maombi ya viza, iandike sentensi hiyo. Taja aya kwa namba. Na hakikisha hati yako itakuwa bado hai miezi kadhaa baada ya intanshipu kuisha, siyo siku ileile. Si kila ubalozi utakubali, lakini ukikataliwa uwe umekataliwa huku umejibu swali lao.

Halafu majina. Hii ni shida yetu sisi wa Kongo zaidi, na mtu wa nje anaweza kuiona ndogo. Kwetu mtu ana majina matatu, la kwanza, la katikati na la ubatizo, na kila karatasi inayapanga inavyotaka. Diplome d'État inasema hivi, atestesheni iliyoandikwa usiku wa kupokelewa, mtu amechoka na mwandishi hajui Kifaransa, inasema vile. Herufi moja tu, L badala ya R, na mfumo wa kompyuta unaona watu wawili. Rekebisha majina sasa, wakati huna haraka. Na ile diplome yenyewe, kama bado iko kwenye Kifaransa peke yake ndani ya bahasha, itafsirishe na uipeleke UNEB wailinganishe na mitihani ya Uganda. Utaihitaji hata kwa chuo cha Mbarara, usifikiri ni ya Ulaya tu.

Tuje kwenye njia yenyewe. Mimi naona kwa wengi wetu intanshipu ya nje haiji kwanza. Inakuja ndani ya masomo. Mtu anayeomba intanshipu ya miezi mitatu akiwa Nakivale anaomba viza ya kazi fupi, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Mtu aliyeshapata nafasi ya chuo nje anaomba intanshipu akiwa ameshafika, na viza ya mwanafunzi mara nyingi tayari inamruhusu kufanya kazi kiasi fulani. Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula kwa wanaosoma digrii. Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo tangu Novemba 2024. Ujerumani ni siku nzima 140 kwa mwaka, na staji ambayo ni sehemu ya lazima ya masomo haihesabiwi humo. Marekani wanataka kwanza umalize mwaka mzima wa masomo kabla ya kufanya kazi ya fani yako nje ya chuo. Masharti haya yanabadilika, kwa hiyo soma tovuti ya serikali yenyewe, usisome picha iliyotumwa na mtu.

Lakini tusidanganyane kuhusu bei. Ujerumani inataka mwanafunzi wa nje aonyeshe pesa za mwaka kwenye akaunti iliyofungwa, na tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni euro 11,904. Nani Kabazana ana hizo? Ndiyo maana njia zilizotengenezwa kwa ajili ya wakimbizi zinastahili nguvu zetu kuliko linki za jumla. Programu ya wanafunzi wakimbizi ya WUSC ya Kanada inafanya kazi tangu 1978, na tofauti yake kubwa ni hii: kijana anaingia Kanada kama mkaazi wa kudumu, siyo kama mwanafunzi wa kimataifa. Kwa hiyo akitafuta intanshipu yenye mshahara anaitafuta kama mtu wa pale, hakuna wa kumhesabia saa. Vyuo vya Italia navyo vina UNICORE tangu 2019, kwa shahada ya uzamili, na wakimbizi walioko Uganda wameingizwa humo. Ile ya DAFI, ambayo Ujerumani na UNHCR waliianzisha 1992, inamsomesha mtu hukuhuku Uganda, lakini hapo ndipo wengi wanapata digrii ya kwanza itakayowapeleka kwenye hizo nyingine. Nafasi ni chache kuliko watu, hilo kila mmoja analijua. Ila afadhali kushindania nafasi chache zinazojua wewe ni mkimbizi kuliko nafasi elfu ambazo fomu yake haina hata kisanduku chako.

Na kwa ndugu zetu Warundi na Wasomali, sitawaficha. Tangu tarehe 9 Juni 2025 Marekani imefunga viza kwa raia wa Somalia karibu zote, na kwa Warundi imesimamisha za utalii, za masomo na za kubadilishana, yaani F, M na J. Hizo J ndizo intanshipu nyingi za Marekani zinatumia. Mtu anayekutumia linki ya intanshipu ya Marekani leo bila kukuuliza uraia wako hakusaidii. Anakupotezea bando.

Sasa neno "malipo". Kwenye matangazo linaandikwa kwa rangi, lakini liulize maswali. Malipo kiasi gani, yanaanza lini, na nani analipa tiketi, nyumba na bima? Mwaka 2015 kijana wa New Zealand anayeitwa David Hyde, miaka 22, alikuwa intan wa Umoja wa Mataifa Geneva bila mshahara, akawa analala kwenye hema. Habari ikazunguka dunia nzima. Huyo alikuwa na pasipoti nzuri, na bado mji ule ulimshinda. Sasa kuna maafisa wetu, watu wazuri tu, wanatutumia nafasi za bure za Geneva na New York na maneno "opportunity, share widely". Mkubwa wangu, ukiituma hiyo kwa kijana ambaye familia yake iliondolewa kwenye chakula cha WFP mwaka 2025, unataka akajibu nini nyumbani?

Kuna jambo baya zaidi ya kutolipwa. Nitakaa hapa kidogo, hasa kwa wadada.

Huko Urusi, jimbo la Tatarstan, kuna eneo la viwanda linaitwa Alabuga. Wana programu inaitwa Alabuga Start. Ilitangazwa mitandaoni Afrika kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22: tiketi ya ndege, mshahara, nyumba, unafanya kazi huku unasoma, mambo ya hoteli, upishi, usafirishaji wa mizigo. Ukisoma vizuri, ni ileile linki yetu: intanshipu ya nje yenye malipo. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press likatoa uchunguzi wake. Likasema wasichana wapatao 200, kutoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini, Sierra Leone, Nigeria na hata Sri Lanka, waliwekwa kwenye kiwanda cha kuunganisha droni zinazotumika kwenye vita vya Ukraine. Baadhi walieleza saa ndefu za kazi, kuchungwa kila wakati, mshahara mdogo kuliko ule walioahidiwa, na kemikali zinazochoma ngozi. Na kiwanda cha silaha wakati wa vita ni shabaha. Tarehe 2 Aprili 2024 droni za Ukraine zilifika Alabuga na kupiga hosteli, watu wakaumia.

Uganda imetajwa humo, siyo nchi ya mbali. Na angalia masharti yake. Hawakutaka digrii. Hawakutaka uzoefu. Kulikuwa na mchezo wa kompyuta na mtihani wa maneno kama mia ya Kirusi. Kwa msichana wa Nakivale aliyekataliwa mara tano kwa sababu ya karatasi, mlango usiouliza karatasi unaonekana kama jibu la maombi. Mimi swali langu ni dogo: kazi ya hoteli kwa nini inataka wasichana peke yao, na kwa nini mwisho miaka 22? Mwajiri wa kweli anauliza unajua nini. Akiuliza tu umri wako na kama wewe ni mwanamke, funga simu. Na anayetaka umtumie pesa za "kufungua faili" kwa mobile money, huyo hata usibishane naye, maana intanshipu ya kweli haikuombi pesa ya kuomba.

Wengine watasema, basi wewe unatukatisha tamaa, bora tukae tulime. Hapana. Nakivale ipo tangu 1958. Watu wamezaliwa hapa, wamezaa hapa, na wajukuu wao wanajaza fomu hizohizo. Sitaki mtu anayengojea. Nataka tuombe tukiwa tumejiandaa, na sehemu kubwa ya maandalizi iko mikononi mwa watu wa mashirika. Nyinyi ndio nataka kuongea nanyi sasa.

Kijana ametafsiri miaka mitatu kwenye kituo cha afya. Kiswahili, Kifaransa, Kinyabwisha, Kibembe, na Runyankore ya kuongea na muuguzi. Anafika asubuhi anavaa vesti yenu, anarudi jioni na motisha ya mwezi inayoisha kwa posho na sabuni. Mwishoni mnampa cheti kimeandikwa "ameshiriki". Ameshiriki nini? Mwajiri wa Torino au Toronto akisoma hicho cheti anaona mtu aliyehudhuria semina. Kumbe huyo ni mkalimani wa hospitali mwenye uzoefu wa miaka mitatu! Mwandikieni barua inayosema kazi ilikuwa nini, kuanzia tarehe gani mpaka gani, saa ngapi kwa wiki, lugha zipi, na nani alimsimamia. Ukurasa mmoja unatosha. Na iandikeni wakati kijana bado yupo kazini, siyo akishaondoka. Mnakumbuka mwanzo wa 2025 msaada wa Marekani uliposimamishwa: wasimamizi waliondoka, na barua pepe zao za kazi zikafa nao. Leo kuna vijana ambao mtu aliyejua kazi yao hapatikani tena popote. Wekeni barua hizo ofisini kwa jina la shirika, siyo kwenye kompyuta ya mtu mmoja.

Barua hiyohiyo ndiyo inaweza kukata ule mzunguko wa hati. Shirika likiandika kwamba huyu ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, anaomba programu fulani na fulani mwaka huu, ombi la CTD linakuwa na sababu hata kabla mwaliko haujafika. Wanafunzi nao waanze ombi mwaka wa pili wa chuo, wasingoje barua ya mwaliko iingie.

Na la mwisho kwenu, hili lina uchungu kidogo. Nimeona vijana wa Ulaya wakija Nakivale kwa miezi mitatu kufanya intanshipu yao. Wanakaa Mbarara, wanakuja na gari, wanajifunza kwetu, na ni watu wema, wengine marafiki zangu. Wao wanakuja kufanya intanshipu kwenye maisha yetu. Sheria ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi Uganda. Basi kwa nini intan wa ofisi ya Base Camp asiwe pia msichana wa Rubondo anayesoma takwimu, kwa mkataba, kwa mshahara wenye jina la mshahara? Akipata miezi sita ya hiyo, CV yake ya kwenda nje haihitaji kupambwa.

Mimi napanga chumba Makenke, upande wa barabara ya Masaka, karibu na kambi ya jeshi. Mjini Mbarara bila Runyankore unapata tabu sokoni, lakini huku kwetu Makenke Kiswahili kinapita kila mahali, maana ndiyo lugha ya wanajeshi wa Uganda. Mwenye duka alidhani mimi ni mtoto wa afande. Nacheka, lakini nimejifunza kitu: kwenye fomu watu wetu wanaandika "Languages: English, fair" na kunyamaza. Kiswahili hawakiandiki, kana kwamba ni kitu cha nyumbani tu. Umoja wa Afrika unakitumia kama lugha ya kazi tangu 2022, na mashirika yanalipa watafsiri wa Kiswahili na Kifaransa, kazi nyingine unaifanya ukiwa palepale kwenye kompyuta bila viza yoyote. Intanshipu ya mtandaoni yenye malipo nayo ni intanshipu ya nje. Sharti tu akaunti iwe na jina lilelile la kitambulisho, na hapo tunarudi kwenye ile L na R.

Ninachoomba kutoka kwenu wiki hii ni kitu kimoja. Yeyote aliyewahi kuomba CTD akiwa Nakivale, iwe aliipata au hakuipata, aandike hapa: aliomba mwezi gani, alipeleka karatasi zipi, alisubiri muda gani, alilipa nini kwa risiti. Usiweke jina wala namba ya atestesheni yako. Tukipata hata kumi tutazipanga kwa tarehe na kuzibandika ukutani Base Camp, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi. Wasomali watusaidie na Kisomali.